Je, Wajua? Moto Mmoja wa Kupikia, Mitatu ya Kuita

Je, wajua kwamba ukiwasha moto mmoja porini, rubani anaweza kuuona vizuri kabisa na bado akaendelea na safari yake? Moto mmoja ni wa mpishi, wa mwindaji, wa mchoma makala, na Kongo nzima imejaa mioto ya namna hiyo. Washa mitatu, ndugu yangu, na hapo umepiga kelele!

Mitatu hiyo hupangwa pembetatu, na kama nafasi ni finyu, mstari mmoja. Kati ya moto na moto acha mita 25 hadi 30. Ukiibana, mtu aliye mbali ataona mwako mmoja tu, na jasho lako lote la kuokota kuni limekwenda bure.

Na tatu si ya moto peke yake. Filimbi mara tatu, bunduki mara tatu, tochi mara tatu, kisha kimya, kisha tena: watafutaji wa dunia nzima wanaisoma alama hiyo bila mkalimani. Upepo unaweza kupiga bati mara moja, tawi linaweza kuvunjika mara mbili. Lakini vishindo vitatu vilivyopangika? Hapo kuna mtu.

Kwenye milima ya Alps huko Ulaya wana hesabu yao, tena ya zamani. Mwaka 1894 mpanda milima Mwingereza, Clinton Dent, alipendekeza alama 6 kwa dakika moja, kisha dakika nzima ya kimya, kisha 6 tena. Anayejibu hutoa 3 kwa dakika. Hebu fikiria: usiku wa manane, mawe na barafu kila upande, watu wawili wasioonana wanaulizana na kujibizana kwa mwanga tu!

Sasa njoo hapa Goma, mtaa wa Murara, komine ya Karisimbi, asubuhi mapema, mama anapowasha babula, jiko la makala, uani. Inama uangalie. Vijiti na karatasi vinatoa moshi mweupe mzito unaochoma macho. Kisha makala yanashika, yanakuwa mekundu, na moshi unakatika, ingawa joto ndiyo kwanza linapanda. Umeona? Makala, mfalme wa jiko la Goma, ni fukara wa moshi!

Sababu ni kwamba maji na lami za mti, ambazo ndizo mama wa moshi, zilikwishaondoka huko huko kwenye tanuru. Kwa hiyo mtu aliyepotea msituni na gunia zima la makala anaweza kupika ndizi mchana kutwa asionekane na yeyote. Mpe fungu la majani mabichi ayatupe juu ya makala hayo hayo, na nguzo nyeupe itainuka mara moja.

Je, wajua kwamba rangi ya moshi huchaguliwa, kama kitenge? Majani mabichi, nyasi zenye unyevu na kuvu la mitini hutoa mweupe. Mpira, plastiki na mafuta machafu ya injini hutoa mweusi. Juu ya msitu wa Virunga, au juu ya mawe meusi ya lava, taka mweupe. Mweusi uuweke kwa ajili ya mahali peupe, kama mchanga, theluji, au nyasi zilizopauka kwa kiangazi.

Na huo mweusi unapishana nao barabarani kila siku! Magurudumu ya chukudu, kile chombo chetu cha kusukuma mizigo, ni ya mbao, yamevishwa mpira wa matairi chakavu. Kipande cha mpira wa namna hiyo, kikitupwa kwenye moto uliokwishakolea, hutoa moshi mweusi tii. Simama upande upepo unakotoka, tafadhali, maana moshi huo ni sumu kwa mapafu.

Unataka kumjua bingwa wa moshi duniani? Vatican! Zamani walichoma karatasi za kura pamoja na majani makavu yaliyoloweshwa ili kupata mweupe, na mara nyingine moshi ukatoka kijivu, umati uwanjani ukabaki ukibishana. Siku hizi ni kemia tupu: mweusi hutokana na potasiamu pakloreti, anthrasini na salfa, na mweupe hutokana na potasiamu kloreti, sukari ya maziwa na utomvu wa msonobari. Tarehe 8 Mei 2025 mweupe ulitoka safi, na dunia ikampata Papa Leo wa XIV.

Haya, nikuulize. Mwali wa mshumaa mmoja, usiku wa giza totoro, huonekana kwa macho matupu umbali gani? Wengi watakuambia kilomita 48, na jambo hilo limeandikwa mahali pengi sana. Wanaastronomia wawili wa Texas, Marekani, walipima mwaka 2015 wakapata kama kilomita 2.6 tu! Na bado, rafiki, kilomita mbili na nusu kwa kinara kimoja ni ajabu tosha. Fikiria basi rundo la kuni linalokufika kifuani.

Tena kuna jambo la dunia kuwa duara. Ukisimama ufukoni mwa Ziwa Kivu, macho yako yakiwa mita 1.7 juu ya maji, upeo wako uko chini ya kilomita 5. Panda kilima cha mita 100 na upeo unasogea hadi karibu kilomita 36. Mita mia moja za kuhema, na macho yako yamefika mara saba mbali zaidi. Na anayeutafuta moto wako naye amefaidika vivyo hivyo.

Lakini usiuwashe chini ya miti mikubwa! Majani ya juu huuchuja moshi, ukatawanyika kabla ya kutoka, na anayepita angani haoni kitu. Tafuta uwazi: ukingo wa mto, kichuguu cha peke yake mbugani, uwanja wa lava. Na usikate tamaa ukiona moshi wa alfajiri umelala chini kama umechoka. Hewa ya baridi imeukandamiza, na jua likipanda, nao utapanda.

Je, wajua kwamba sisi wa Goma tunaishi chini ya moto wa ishara ambao hakuna binadamu aliyeuwasha? Mlima wa volkano wa Nyiragongo una mita 3,470, na mdomo wa kreta yake una upana wa karibu kilomita 1.2. Ziwa la lava likiwemo, mawingu ya usiku juu yake huwa mekundu, na mtoto wa Murara husoma wekundu huo kabla hajajua kusoma kitabu.

Tarehe 10 Januari 1977 ziwa hilo lilipasua ubavu wa mlima likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Mahali pengine lava ilishuka kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa! Usain Bolt, binadamu mwenye mbio kuliko wote waliowahi kupimwa, kilele chake kilikuwa kama kilomita 44. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, ndiyo maana ni nyepesi na hutiririka, haijikokoti.

Tarehe 17 Januari 2002 ilirudi, safari hii ikapita katikati ya mji. Ilifunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege, ikaila Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Leo ukitembea Goma, ukuta unaouegemea na jiwe unalojikwaa vinaweza kuwa ni lava ile ile.

Kisha Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021. Jioni ile hakikusikika king'ora. Kwa wengi taarifa ya kwanza ilikuwa anga lenyewe, jekundu upande wa kaskazini, na watu wakabeba magodoro na watoto wakaanza kutembea. Zaidi ya watu 30 walifariki. Lava ilisimama Buhene, mlangoni kabisa mwa mji.

Na hili watu wa mtaa wangu hawalisahau. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, alfajiri, gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame mara moja, kwa kuhofiwa kwamba moto ulikuwa umejipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa. Murara ilikuwemo kwenye orodha! Majengo, Mabanga zote mbili, Bujovu, Virunga, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans pia. Karibu watu 400,000 waliingia barabarani, wengi wao kuelekea Sake. Moto ulikuwa hauonekani tena, na bado huo ndio uliohamisha watu wengi kuliko ule ulioonekana.

Ndiyo maana mlima wetu umepewa wakalimani. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, kipo tangu 1986, na hali ya mlima hutangazwa kwa rangi nne: kijani, njano, chungwa na nyekundu. Kijani, endelea na kazi zako. Nyekundu, shika mkono wa mtoto. Uzifundishe rangi hizo nyumbani kwako leo, nakusihi.

Shika na hili, kwa kuwa linaua. Mtu aliyepotea kwenye lava kati ya Mugunga na Sake hutafuta bonde dogo lisilo na upepo ili kiberiti chake kisizimike. Akili ya kawaida kabisa! Lakini mabonde hayo hayo ndiyo makao ya mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito mara 1.5 kuliko hewa tunayovuta, ikijaa shimoni bila rangi. Asiyefanikiwa kuwasha moto humo hana bahati mbaya ya njiti. Ametahadharishwa, na apande juu upesi.

Tena usifanye kiberiti kuwa kipimo chako cha mazuku. Gesi hiyo ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu huweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache, na anayeinama au kulala chini ndiye hupatwa kwanza. Usiku na alfajiri ndipo hujikusanya zaidi, kabla jua na upepo havijaitawanya. Moto wako, na malazi yako, viwe mahali pa juu.

Tugeukie ziwani, kunako raha. Je, wajua kwamba kila usiku wavuvi wa Kivu wanaita kwa mwanga, na wanaoitika ni samaki? Sambaza hufuata taa hadi kwenye nyavu kwa maelfu. Na sambaza wenyewe si wenyeji: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959! Leo utadhani waliumbwa na Kivu.

Chini ya taa hizo za wavuvi, kwenye kina kikubwa, zimeyeyuka mita za ujazo bilioni 60 hivi za methani na bilioni 300 hivi za kaboni dioksidi. Taa haziziwashi, kwa sababu gesi imebanwa na uzito wa maji, nyingi ikiwa chini zaidi ya mita 250. Wenzetu wa Rwanda huivuta methani kwa bomba huko Karongi na kupata megawati 26 za umeme. Moto ulio majini, unawasha balbu!

Na baharini? Sheria ya kimataifa ya mwaka 1972 ya kuzuia vyombo kugongana bado inautaja moto unaowaka chomboni, kwa mfano pipa la lami au la mafuta, kuwa ishara halali ya kuomba msaada. Kwenye orodha hiyo hiyo umo moshi wa rangi ya chungwa. Fataki ya parashuti ya meli hupanda mita 300 na kuwaka wekundu mkali kwa sekunde 40, ikishuka polepole. Sekunde 40 tu, lakini nani asiyeziona?

Turudi nyuma kidogo, haraka haraka. Mnara wa Aleksandria huko Misri ulijengwa kama mwaka 280 kabla ya Kristo, ukapita mita 100, na moto wa kileleni ukawaongoza mabaharia. Mnara wa Afrika, tafadhali! Ulisimama zaidi ya miaka elfu moja na mia tano hadi matetemeko ya karne ya 14 yalipoumaliza.

Wachina wa enzi ya Ming waliutia moto hesabu. Moto mmoja na mlio mmoja wa mzinga: maadui kama 100. Miwili: 500. Mitatu: zaidi ya 1,000. Askari wa mnara unaofuata alihesabu, akawasha idadi ile ile, na habari ikakimbia juu ya Ukuta Mkuu haraka kuliko farasi yeyote.

Wagiriki walikwenda mbali zaidi. Polibio, aliyeishi karne ya 2 kabla ya Kristo, alieleza njia ya kutuma herufi kwa mienge: alfabeti hugawanywa katika mafungu matano, mienge ya kushoto hutaja fungu, ya kulia hutaja herufi. Ukiwa na mienge 10 na subira, unaweza kuandika barua nzima angani!

Lakini ninayempenda mimi ni Leo, mwanahisabati wa Bizanti, karne ya 9. Alitengeneza saa mbili zinazokwenda sawasawa, moja akaiweka ngome ya Loulon karibu na mpaka wa Waarabu, nyingine ikulu ya Konstantinopoli, umbali wa kilomita 720 hivi. Kila saa ya siku ilikuwa na maana yake: moto ukiwashwa saa ya kwanza ni uvamizi, saa nyingine ni jambo jingine. Moto ule ule, kuni zile zile, na habari tofauti! Nayo ilifika mjini ndani ya saa moja, kilele kwa kilele.

Na nani alianza haya yote? Huko Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, kuna udongo wenye dalili za kuungua wa miaka karibu milioni 1.5, pamoja na zana za mawe. Ukiwasha kiberiti, umejiunga na foleni ndefu sana iliyoanzia Afrika Mashariki.

Je, wajua kwamba kuna watu ambao hawana haja ya kiberiti kwa kuwa moto wao hauzimiki? Wambuti wa msitu wa Ituri, kaskazini mwetu, wakihama kambi husafiri na kaa la moto lililofungwa ndani ya majani mazito. Wakipumzika, mama hulifungua, hupuliza kidogo, na mwali uko hapo. Kupekecha ulindi juu ya uwimbombo kwenye msitu uliolowa? Wao wala hawasumbuki.

Na mvua ya milima yetu si ya kuchezewa. Karisimbi, ulioipa komine yetu jina, una mita 4,507, mrefu kuliko volkano zote za Virunga. Mwaka 1908 msafara wa mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein ulikutwa huko juu na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji, na wapagazi 20 walikufa kwa baridi. Ishirini! Watu hao wanastahili kukumbukwa kila jina la mlima huo linapotajwa.

Sasa kaa vizuri, nikupe kisa cha Uganda. Tarehe 23 Januari 1954 mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway, mkewe Mary na rubani Roy Marsh walikuwa juu ya maporomoko ya Murchison ndege yao ndogo ilipogonga waya wa simu uliokwishaachwa, ikaanguka. Wote watatu walipona. Walilala nje wakiota moto, tembo wakizunguka karibu.

Wakati huo huo ndege ya abiria ilipita, rubani akaona mabaki, hakuona dalili ya mtu hai. Akatoa taarifa hivyo, na magazeti duniani yakamlilia Hemingway akiwa mzima! Kesho yake mashua iliyokuwa ikitembeza wageni Mto Nile iliwaokota. Walipofika Butiaba wakapandishwa ndege ya pili, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka. Akatoka hai tena, safari hii ameumia vibaya. Ajali mbili, siku mbili, na mtu akasoma tanzia zake mwenyewe.

Hebu fikiria pale Murchison kungekuwa na mioto mitatu na majani mabichi juu yake. Moto wa kuota mnao, moshi wa kuonekana hamna: tofauti ni konzi chache za nyasi mbichi.

Sikia na hawa watoto. Juni 1965 wavulana sita wa shule ya bweni huko Tonga, bahari ya Pasifiki, walichukua mashua kwa siri, dhoruba ikawatupa kwenye kisiwa kitupu cha 'Ata. Waliwasha moto, wakawekeana zamu, na hawakuuacha uzime kwa zaidi ya mwaka mmoja! Septemba 1966 nahodha Peter Warner wa Australia alipita, akashangaa kuona mabaka yaliyoungua kwenye mteremko wa kisiwa chenye mvua nyingi. Akasogea. Kilichomvuta hakikuwa moshi wala mwali, bali kovu la moto wa zamani.

Kwenye Kisiwa cha Elephant, jirani na Antaktika, wanaume 22 wa msafara wa mvumbuzi Shackleton walisubiri miezi minne na nusu chini ya mashua zilizopinduliwa. Tarehe 30 Agosti 1916 meli ya Chile, Yelcho, ilipotokea, mmoja wao, Frank Wild, alitoboa debe la mafuta, akalowesha nguo, akaziwasha. Wote 22 walikwenda nyumbani.

Na huyu wa Alaska? Desemba 2019 kibanda chake kiliungua katikati ya theluji, akabaki bila redio wala simu. Alikanyaga herufi SOS kwenye theluji, kisha akazijaza majivu meusi ya kibanda kile kile. Tarehe 9 Januari 2020 helikopta iliziona. Moto uliomtia taabani ndio uliompa wino!

SOS, kwa njia, ilikubaliwa Berlin mwaka 1906 kwa kuwa ni nyepesi kupiga kwa mlio: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu. Tena tatu hiyo!

Ila ngoja. Je, wajua kwamba moto mmoja wa kuomba msaada uliwahi kuua watu 15? Oktoba 2003 mwindaji aliyepotea karibu na San Diego, California, aliwasha moto ili aonekane. Akaonekana, lakini upepo ulikwishauchukua moto: hekta zaidi ya 110,000 ziliungua na nyumba zaidi ya 2,000. Hifadhi yetu ya Virunga ina hekta kama 780,000, pima mwenyewe.

Mwaka mmoja kabla, Juni 2002, huko Arizona, mtu aliyekwama aliwasha moto kuita helikopta ya watangazaji wa habari. Helikopta ikaja ikambeba. Moto ukabaki, ukakutana na mwingine uliokuwa ukiwaka jirani, na miwili hiyo ikala hekta kama 189,000. Kwa hiyo, ndugu yangu, fyeka kwanza duara, fika kwenye udongo mtupu au jiwe, ndipo upange kuni. Hapo lava ya Goma ni rafiki mkubwa: nyeusi, tupu, haishiki moto mara ya pili.

Unaamini kwamba hata moto wa Masisi unaonekana kutoka angani? Setilaiti zinapita juu yetu mchana na usiku zikitafuta joto, na kifaa kiitwacho VIIRS hukagua ardhi kwa vipande vya mita 375. Ndani ya saa tatu alama ya moto huwa iko kwenye ramani ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua. Lakini usijipe moyo sana: zaidi ya nusu ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka ni ya Afrika, na nukta yako itakuwa moja kati ya maelfu. Setilaiti inahesabu joto. Mioto mitatu inamhitaji binadamu wa kuisoma.

Kuni zimelowa kabisa? Kioo! Kipande cha kioo mkononi, jua likiwa wazi, hutupa mmeto unaoweza kuonekana kilomita 16 na zaidi. Jeshi la Marekani mwaka 1894 lilipeleka ujumbe kwa vioo kutoka mlima hadi mlima, kilomita 295. Na kwa mawe au matawi andika ardhini herufi kubwa, kila mkono usipungue mita 2.5: V maana yake nahitaji msaada, X maana yake nahitaji tabibu. Marubani wa nchi zote wamefundishwa.

Rubani amekuona? Atakujibu! Mchana ataziyumbisha mbawa za ndege, kushoto, kulia. Usiku atawasha na kuzima taa zake za kutua mara mbili. Nawe inua mikono yote miwili, uonekane kama herufi Y, maana mkono mmoja juu na mmoja chini ni kumwambia kwamba huhitaji kitu, na anaweza kuondoka kweli.

Helikopta ikija, moshi wako una kazi ya mwisho: unamwonyesha rubani upepo unatoka wapi, naye atatua akiuelekea. Lakini moto usiwe hapo atakapotua. Upepo wa mapanga yake hurusha makaa na turubai pande zote, basi uache mbali, upande moshi unakoelekea, mwagia maji au udongo mioto iliyo jirani na kiwanja, funga kila kitu chepesi. Kisha chuchumaa mahali rubani anapoona uso wako, usisogee mpaka akupungie mkono, na usipite kamwe nyuma, kwenye mkia: pangaboi lile dogo likizunguka, jicho halilioni.